Nani Kachinja? Mishikaki ya Kondoo Mjini Guangzhou



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu (s.w.) aliyenijaalia uzima, kisha nawashukuru walimu wa madrasa hii kwa kunipa nafasi katika jarida letu la mwaka. Ustadhi aliponiomba niandike habari za safari yangu ya China, nilidhani nitaandika juu ya viwanda, bei za viatu na namna ya kusafirisha mzigo. Lakini nilipokaa na kalamu, jambo lililonijia ni chakula. Lipo jambo lililonitokea kule ambalo nimewahi kumweleza mtu mmoja tu. Nimeona niwaeleze na ninyi, wadogo zangu mnaokaa leo kwenye mikeka niliyokaa mimi, ili lisiwatokee.

SAHANI YA MAMA JIRANI

Sisi Waislamu wa Mapera, na wa Mbinga yote ya milimani, ni wachache. Majirani zetu wengi ni Wakatoliki. Tunalima nao kahawa, tunachimba nao ngoro, tunazikana na tunaoana. Nguruwe wanafugwa nyumba ya pili na ya tatu kutoka kwetu. Mtoto wa Kiislamu wa Mapera hujifunza swali moja mapema sana, pengine kabla hajamaliza Alif mpaka Yaa: "Nani kachinja?"

Babu yangu, Mungu amrehemu, alipanda mlimani akitokea Mbamba Bay akiuza usipa, akaoa na kubaki. Yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kuchinja. Ikiwa kuna harusi, msiba au sikukuu kwa majirani, alfajiri utasikia hodi: "Mzee, njoo utuchinjie, na ninyi mpate kula." Babu alichukua kisu chake kilichofungwa kwenye kitambaa, akatawadha, akaenda. Siku moja nilimuuliza kwa nini anaamka na baridi yote ile kwa sherehe ambayo si yetu. Akanijibu kuwa mtu anayekuita uchinje amekutengea nafasi kwenye sinia lake kabla hata mnyama hajafa, na nafasi kama hiyo haikataliwi.

Nikiwa na umri wa miaka saba hivi, niliingia nyumba ya jirani kucheza na mtoto wao. Chakula kikapakuliwa. Nikanyoosha mkono kwenye sahani ya nyama. Mama mwenye nyumba aliwahi kuivuta, akasema: "Hapana, mwanangu. Hii si yenu. Subiri." Akaingia jikoni, akanikaangia yai kwenye kikaango kingine, akakaa pembeni akinitazama nile mpaka nimalize. Hakuwa Muislamu. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akitazama. Angeniacha nile, nisingejua mpaka leo.

Naomba mkiweke kisa hiki akilini, maana nitakirudia.

"NI NYAMA TU"

Mwaka 2011 nilikuwa nikimsaidia mjomba wangu dukani kwake Kariakoo. Mjomba aliugua, ikabidi niende mimi Guangzhou kununua mzigo wa viatu. Guangzhou ni mji mkubwa wa kusini mwa China, karibu na Hong Kong. Wakati ule eneo lake la Xiaobei lilikuwa limejaa wafanyabiashara wa Kiafrika. Ungeweza kusikia Kiswahili, Kihausa, Kifaransa na Kiarabu kwenye ngazi moja ya jengo. Nilifuatana na mwenzangu mmoja mzoefu, aliyekwisha kwenda mara nyingi. Nilimheshimu kama kaka.

Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni tulipita kwenye kibanda cha mama mmoja wa Kichina. Alikuwa akiuza kitu mfano wa andazi jeupe lililopikwa kwa mvuke, ndani yake nyama ya kusaga. Siku ya kwanza nilisita. Nikakionyesha kidole kile kijazo. Yule mama akatabasamu akasema, "Rou." Nikamgeukia mwenzangu. Akasema: "Ni nyama tu, mdogo wangu. Tuko safarini, dini ni nyepesi. Ukianza kuuliza uliza hapa utakufa njaa."

Ndugu zangu, moyo wangu ulijua. Naandika hivi mbele ya Mwenyezi Mungu. Swali la "nani kachinja" lilinifika hadi kwenye ulimi, nikalimeza. Niliona haya. Niliogopa kuonekana mshamba wa Mapera ambaye hajawahi kutoka. Nikasema bismillah kimoyomoyo, kana kwamba bismillah ni kitambaa cha kufunikia jambo, nikala. Nikala siku ya pili. Nikala na siku ya tatu.

Siku ya nne tulihitaji mkalimani kiwandani. Alikuja kijana wa Tanga aliyekuwa akisomea udaktari mjini humo. Tulipopita kwenye kile kibanda nikamkaribisha. Akarudi nyuma kama mtu aliyeona nyoka. Akasema: "Kaka, umekula hapa?" Kisha akanieleza jambo ambalo kila Muislamu aendaye China anapaswa kulijua. Kwa Kichina neno "rou" maana yake ni nyama. Lakini Mchina akilisema peke yake, mara nyingi hukusudia nyama ya nguruwe, maana ndiyo nyama yao ya kila siku. Akikusudia ng'ombe atasema "niurou", na akikusudia kondoo au mbuzi atasema "yangrou". Yule mama hakunidanganya. Alinijibu kwa ukweli kabisa, na mimi sikuuliza swali la pili.

Mwenzangu alinyamaza, akaangalia simu yake. Usiku ule sikulala. Nilisukutua kinywa mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Nilijitetea kuwa sikujua. Lakini kijana wa Tanga alikuwa ameniambia neno moja kwa upole: asiyejua ana udhuru, lakini wewe ulishuku. Nikajitetea tena kwa dharura, ile tuliyofundishwa katika aya ya 173 ya Suratul Baqara. Nayo haikunisaidia. Aya ile inamzungumzia mtu aliyelazimika, asiyetamani wala kuvuka mpaka, na hatua kumi kutoka kwenye kile kibanda walikuwa wakiuza wali, mayai, samaki na machungwa. Sikuwa na dharura. Nilikuwa na haya, tena haya iliyokosa mahali pake.

IJUMAA MJINI GUANGZHOU

Ijumaa yule kijana alinipitia hotelini twende kuswali. Nilikwenda nimeinamisha kichwa. Nilidhani msikiti wa China utakuwa chumba kidogo uchochoroni. Nilikuta bustani yenye miti mikubwa, na watu wamejaa hadi nje kwenye mazulia: Wachina, Waarabu, Waturuki, Wapakistani na Waafrika.

Mahali hapo pana kaburi ambalo Waislamu wa China husimulia kuwa ni la Sahaba Saad bin Abi Waqqas (r.a.). Vitabu vya tarehe vinatueleza kuwa Sahaba huyo alifia Al-Aqiq, karibu na Madina, hivyo wanachuoni hawaikubali habari hiyo. Lakini kwamba Uislamu ulifika Guangzhou zamani sana hakuna anayebisha. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiajemi waliuita mji huo Khanfu, na walikuwa wakifika kwa majahazi zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Katikati ya mji upo Msikiti wa Huaisheng wenye mnara mrefu wa mviringo, ambao Wachina wanauita mnara wa nuru. Bahari iliyowafikisha huko ndiyo hiyo hiyo iliyowafikisha wafanyabiashara pwani yetu. Na miaka 600 iliyopita Wachina nao walikuja kwetu. Amiri wa merikebu zao, Zheng He, alizaliwa katika familia ya Kiislamu ya jimbo la Yunnan, na kati ya mwaka 1405 na 1433 misafara yake ilifika hadi Mogadishu na Malindi. Leo Waislamu wa China ni zaidi ya milioni 20.

Baada ya swala kijana akasema: "Sasa twende nikuonyeshe nyama."

MISHIKAKI

Tulitembea hadi Xiaobei. Akanionyesha mambo mawili ya kutazama kwenye kibao cha mgahawa. La kwanza ni maandishi mawili ya Kichina yanayosomwa "qingzhen". Moja maana yake ni safi, la pili ni kweli. Hivyo ndivyo Wachina wanavyosema "halali": safi na kweli. La pili ni herufi nyekundu iliyowaka taa, visanduku viwili vimechomwa mstari mmoja katikati, mfano kamili wa vipande viwili vya nyama kwenye kijiti. Nayo husomwa "chuan", maana yake mishikaki. Hata asiyejua kusoma Kichina ataielewa herufi hiyo akiwa na njaa.

Mlangoni palikuwa na jiko la chuma, refu kama mtumbwi mdogo na jembamba kiasi cha kiganja kimoja na nusu, limejaa makaa. Nyuma yake alisimama mzee mwenye kofia ya nakshi yenye pembe nne. Alikuwa Muighuri kutoka Xinjiang, jimbo la mbali kaskazini magharibi mwa China, ambako ndiko yalikotoka mapishi haya. Mkono mmoja ulishika kipepeo, mkono mwingine uligeuza mishikaki kumi kwa mara moja kama mtu anayepiga kinanda.

Nikamwambia kijana: "Niulizie nani kachinja." Akatikisa kichwa. "Uliza mwenyewe, kaka. Ulishindwa kuuliza pale pengine, uliza hapa."

Nilisimama mbele ya yule mzee sina lugha. Nikaionyesha nyama. Nikapitisha kidole shingoni kwangu. Nikainua mikono kuonyesha kuuliza. Watu kwenye meza wakanitazama, nami nikasikia joto usoni, na si la makaa. Nilidhani atakasirika, maana ni kama kumuuliza mtu mzima kama anaijua dini yake.

Hakukasirika. Aliweka kipepeo chini, akafuta mikono kwenye aproni, akaweka kiganja kifuani akasema: "Essalamu eleykum." Nikaitikia. Kisha akaufanya mkono wake kisu, akaupitisha hewani polepole huku akisema: "Bismillah, Allahu Akbar." Halafu akaninyooshea kidole mimi: "Musulman?" Sasa ikawa zamu yangu kuulizwa. Sikuwa na jibu jingine ila kutoa shahada. Akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyesikiliza mwanafunzi akisoma vizuri, akarudi kwenye makaa yake.

Tulikaa. Nyama ililetwa kwenye vyuma virefu bapa, kama panga dogo lisilo na makali. Nitawaeleza ilivyo, maana najua wasomaji wengi wa jarida hili ni watu wa mishikaki. Sisi nyama yetu tunailaza kwenye tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, na wengine huweka papai bichi ili ilainike. Wao niliowaona hawakuilaza hivyo. Vipande ni vidogo, kiasi cha ncha ya kidole gumba, na hupangwa kwa hesabu: nyama, nyama, kipande cha mafuta, kisha nyama tena. Mafuta yale yakiyeyuka huiosha nyama iliyo jirani yake isikauke. Viungo hunyunyiziwa nyama ikiwa motoni, navyo ni vitatu: chumvi, pilipili kavu iliyosagwa kwa ukali ukali, na bizari nyembamba, ile ya pilau ambayo Unguja wanaiita uzile. Moshi wa bizari ile ulipopanda, kwa dakika moja nilikuwa nyumbani kwetu siku ya Maulidi, sufuria la pilau limefunuliwa.

Kijana akaniambia kuwa Waighuri bizari hiyo wanaiita "zire", nasi tunao wanaoiita jira. Nyama ya kuchoma wanaiita "kawap", nasi tuna kababu. Maneno hayo yalisafiri nchi kavu kwao na majini kwetu, yakakutana mezani pale.

Pamoja na mishikaki waliletwa mikate ya duara iliyobandikwa ndani ya tanuri la udongo, imenyunyiziwa ufuta, na chai isiyo na sukari. Hakuna aliyeandika tulichoagiza. Mwisho wa chakula mhudumu alikuja akahesabu vyuma vitupu mezani, hiyo ndiyo ikawa hesabu ya malipo. Mtu angetaka angeficha viwili chini ya meza. Sikuona aliyeficha.

Lakini nirudi kwenye kipande cha kwanza. Nilisema bismillah, safari hii kwa sauti, nikaweka nyama mdomoni, ikanikwama. Haikuwa ngumu, ilikuwa laini kama siagi. Nilimkumbuka mama jirani wa Mapera akivuta sahani. Mwanamke asiyekuwa wa dini yangu aliilinda dini yangu nilipokuwa mtoto, na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nilishindwa kuilinda kwa sababu ya kumwonea haya rafiki. Nilikaa nimeinamisha kichwa mpaka kijana akaniuliza kama pilipili imezidi. Nikamwambia ndiyo, imezidi.

YALIYOFUATA

Wiki mbili zilizobaki nilikula kwa yule mzee karibu kila siku. Hatukuwa na lugha ila salamu, na ilitutosha. Siku ya kuondoka alinifungia bizari kwenye karatasi ya gazeti, akakataa pesa.

Sijui aliko leo. Xiaobei imebadilika, na Waafrika wengi wameondoka, hasa baada ya mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, ambapo baadhi yao walitolewa kwenye nyumba na mahoteli. Na kwao Xinjiang, ripoti ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ya tarehe 31 Agosti 2022 ilieleza habari nzito za Waighuri na Waislamu wengine kuwekwa vizuizini, habari ambazo serikali ya China imezikanusha. Kila nikinusa bizari namwombea dua, yeye na jamaa zake.

Eid el-Hajj ya mwaka 2012 nilikuja nyumbani Mapera. Tulichinja mbuzi wawili na kondoo mmoja. Nikachukua spoki za baiskeli, nikazisugua kwa mchanga na kuzichemsha, nikapanga nyama, nyama, mafuta, nyama. Nikanyunyiza bizari ya yule mzee. Watoto walizunguka jiko kama nyuki. Mama jirani alikuja na fimbo yake, amezeeka, nikamwekea kiti na sahani. Akaonja, akauliza nyama gani hii yenye harufu ya pilau. Ndipo nikamweleza yote: kibanda, neno "rou", siku tatu, na yai alilonikaangia.

Yai alikuwa amelisahau kabisa. Alitafuna kidogo, akaniangalia, akasema: "Sasa mwanangu, si ungeuliza tu?"

NASAHA KWA WANAFUNZI

Kwanza, kuuliza si aibu. Haya ni katika imani, lakini haya inayokufanya umeze swali la dini yako siyo hiyo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake yako mambo yenye shaka, na anayejiepusha nayo ameisalimisha dini yake.

Pili, uliza kwa adabu, na ukiuliza usipite kiasi. Amepokea Bibi Aisha (r.a.) kuwa watu walimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya nyama waletewayo na watu walioingia Uislamu karibuni, hawajui kama wametaja jina la Mwenyezi Mungu. Akawaelekeza walitaje wao wenyewe na wale. Hivyo Muislamu mwenzako akikupa jibu, likubali. Usimgeuze kila mpishi kuwa mshitakiwa.

Tatu, mchunge mwenzako. Ukimwona mgeni, awe wa dini yako au wa nyingine, ananyoosha mkono kwenye sahani isiyo yake, usinyamaze kwa kuwa hakuna anayekuona. Vuta sahani, kisha umkaangie yai.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyala kwa kujua na kwa kutojua, na atujaalie riziki iliyo safi na ya kweli. Amin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.